Udongo uliolowa oili chafu: namna ya kuurudisha hadi uoteshe tena

Swali: Nimestaafu ualimu na nimenunua kiwanja Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Nusu yake ilikuwa gereji ya malori kwa miaka mingi. Udongo wa upande huo ni mweusi, unanuka dizeli na oili, na mvua ikinyesha maji yanasimama juu bila kuzama. Nilimwaga lori moja la udongo mwekundu juu yake, nikapanda mchicha, bamia na migomba. Mchicha ulitoka, ukawa wa njano, ukafa, migomba imedumaa. Jirani mmoja ananishauri niuchome moto udongo huo, mwingine anasema niumwagie maji ya sabuni ya unga. Kuna kisima cha jirani kama hatua 30 kutoka hapo. Je, udongo huu unaweza kupona, au nimetupa hela yangu?

Jibu: Mwalimu, shikamoo, na pole kwa hasara ya shamba. Nianze na lile unalolisubiri zaidi: hela yako hujaitupa, na udongo huo unaweza kupona, ila hautapona kwa msimu mmoja wala hautaponywa na kitu utakachoumwagia juu. Utaponywa na vijidudu vilivyomo ndani yake, yaani bakteria na kuvu wa namna nyingi ambao hula mafuta kama chakula, na kazi yetu sisi ni kuviondolea vikwazo vinavyovizuia kula. Kabla ya kufika huko, hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo ni lazima yajulikane, nayo ni kina ambacho mafuta yamefikia na metali ambazo oili chafu iliziacha, kwa sababu hayo ndiyo yatakayoamua kama kazi hii ni ya jembe la mkono au ni ya kuitiwa watu wenye mitambo.

Tuangalie kwanza kilichoua mchicha wako, maana unjano ule unaeleza mengi. Mafuta ni kaboni kwa sehemu kubwa sana, takriban asilimia 85 ya uzito wake, lakini karibu hayana naitrojeni. Vijidudu vinapoanza kuyala vinahitaji naitrojeni ili vijenge miili yao na kuzaana, na kwa kuwa haimo ndani ya chakula chenyewe, huichota udongoni kwa kasi ambayo mzizi mchanga wa mchicha hauwezi kushindana nayo. Jani linakuwa njano kwa njaa hata pale ambapo sumu si nyingi. Pamoja na njaa hiyo kuna kiu: oili huzivika chembe za udongo utando unaokataa maji, hivyo mmea unaweza kunyauka siku moja tu baada ya mvua kubwa. Kisha kuna kuungua. Sehemu nyepesi za dizeli na petroli hupenya utando wa ncha za mizizi na kuziharibu, na ncha hizo ndizo zinazonyonya maji na chakula. Udongo mwekundu ulioumwaga uliwapa mchicha na migomba nafasi ya kuanza tu, mizizi ikashuka ikakutana na tatizo lilelile chini. Mgomba haufi upesi kama mchicha, lakini nao hudumaa, kwa kuwa mizizi yake mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi na haiwezi kuvuka tabaka lililoziba.

Kuhusu ushauri wa majirani, naomba usichome. Moto wa kuni au matairi juu ya ardhi hauufikii udongo wa kina. Huunguza sentimita chache za juu, huua vijidudu tunavyovitegemea, huacha masizi yenye kemikali zinazosababisha saratani, na metali zote hubaki palepale kwenye majivu. Sabuni nayo ina hatari ya aina nyingine. Ni kweli huachanisha mafuta na chembe za udongo, lakini mafuta yaliyoachanishwa hayatoweki, yanafuata maji kwenda chini, na chini kwenu kuna kisima. Katika eneo lenu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu miamba ya upande wa Pongwe, Maweni na Kiomoni ni ya chokaa, jamaa ya ile iliyotobolewa na maji ikawa Mapango ya Amboni. Mwamba wa namna hiyo una nyufa na mianya, na kilichofika kwenye ufa hakichujwi tena na udongo. Kinakwenda moja kwa moja kwenye maji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kina. Chagua sehemu tano au sita katika eneo la gereji: pale penye weusi zaidi, pale lilipokuwa shimo la kukaguliwa malori kama lilikuwapo, pale yalipokuwa yakiwekwa mapipa, na moja au mbili pembezoni ambapo udongo unaonekana wa kawaida. Chimba shimo jembamba kwa mtaimbo na sepetu, na kila ukishuka sentimita 20 chukua udongo wa konzi moja, uuweke kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, ongeza maji hadi nusu, tikisa vizuri, kisha iache chupa itulie kwa nusu saa. Mafuta yakiwepo utaona utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji, au duara ndogo nyeusi zimeshikamana ukutani mwa chupa. Andika kina ambacho utando huo unakoma. Usiweke pua kwenye shimo ili kunusa, kwani mvuke wa petroli na dizeli una benzini, kemikali inayosababisha saratani. Harufu inayokufikia ukiwa umesimama inatosha kukuambia kilichomo. Vaa glavu na mabuti ya mpira, na watoto wasiwe karibu.

Kipimo hicho cha chupa ni cha kienyeji na hakitoi namba, lakini kinatenganisha hali mbili zilizo mbali kabisa. Ikiwa mafuta yamekoma ndani ya sentimita 30 au 40, kazi hii unaiweza kwa vibarua wawili, jembe na subira. Ikiwa yameshuka mita moja na kuendelea, kupalilia juu ni kujidanganya. Nalisisitiza hili kwa sababu limewahi kutokea kwa kiwango kikubwa sana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipochunguza eneo la Ogoni nchini Nigeria, katika maeneo zaidi ya 200, na kutoa ripoti yake mwaka 2011, lilikuta kwamba sehemu zilizokuwa zimetangazwa kuwa zimesafishwa bado zilikuwa na mafuta, kwa kuwa njia iliyotumika ilikuwa ya kulima tabaka la juu tu na kuacha mengine yapungue yenyewe, ilhali mafuta katika sehemu kadhaa yalikuwa yamezama hadi kufikia mita 5. Watu waliendelea kupanda mihogo juu yake na kunywa maji ya visima. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba kulirudisha eneo zima katika hali yake kungechukua miaka 25 hadi 30.

Jambo la pili ni metali, na hapa oili chafu inatofautiana na dizeli. Dizeli iliyomwagika kwa bahati mbaya ni mafuta matupu. Oili iliyotolewa kwenye injini imezunguka ndani ya chuma kwa maelfu ya kilomita. Imebeba zinki kutoka kwenye kemikali zinazotiwa ndani ya oili yenyewe inapotengenezwa, shaba, kromi na risasi kutoka kwenye bearingi na vipuri vinavyosagika, pamoja na kemikali nzito zinazotokana na masizi ya injini. Gereji ya zamani huwa pia na maji ya betri, ambayo ni tindikali yenye risasi, na inawezekana udongo wako una risasi ya enzi ambayo petroli ilikuwa bado inatiwa risasi, desturi iliyokoma katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Vijidudu hula mafuta hadi yanageuka kuwa hewa ya kaboni na maji, lakini metali hailiki. Itabaki baada ya harufu kwisha na baada ya majani kuota, na hiyo ndiyo sababu ninakuomba usichukulie kijani kibichi kuwa ndicho cheti cha usalama.

Hivyo, pamoja na kipimo cha chupa, peleka sampuli maabara. Tanga mna bahati ambayo mikoa mingi haina, kwani kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, wilayani Muheza, kwa miaka mingi kimekuwa kituo cha kitaifa cha utafiti wa udongo. Uliza pale kuhusu pH (kipimo cha uchachu wa udongo), naitrojeni, fosforasi na aina ya udongo wako, na uulize ni metali zipi wanazoweza kupima. Jumla ya mafuta katika udongo pamoja na metali nzito unaweza pia kuziulizia kwenye Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Changanya udongo wa mashimo ya eneo moja na wa kina kimoja uwe sampuli moja, ili usilipie vipimo vingi bila sababu, ila usichanganye udongo mweusi na ule wa pembezoni. Wa pembezoni ndio utakaokuonyesha udongo wa Pongwe ulivyo bila gereji, na bila huo huna cha kulinganisha. Ukipata majibu, kikomo kinachotumiwa na wataalamu wengi kwa kazi ya kulimia juu ya ardhi ni miligramu 50,000 za mafuta kwa kilo moja ya udongo, yaani asilimia 5. Ukizidi hapo vijidudu vyenyewe hulemewa, na sehemu hiyo huchimbwa ikachanganywa na udongo usio na mafuta mengi au ikaondolewa na watu wenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi. Kwa risasi, Marekani ilitumia kwa miaka mingi kikomo cha miligramu 400 kwa kilo katika udongo wa nyumbani, kisha mwaka 2024 ikakishusha hadi 200 baada ya kuona madhara kwa watoto. Tanzania ina kanuni zake za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007, na afisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, watakusaidia kusoma majibu yako kwa kulinganisha na kanuni hizo.

Tuseme sasa kwamba mafuta yamekoma sentimita 30 na ni kama asilimia 2. Namna ya kuvilisha vijidudu ni hii.

Hewa ndiyo inayotangulia kila kitu. Vijidudu vinavyokula mafuta kwa kasi ni vile vinavyovuta oksijeni, na udongo ulioshindiliwa na malori, ukazibwa na oili, hauna oksijeni chini ya kiganja kimoja. Mwaka 1989, meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska, wataalamu walinyunyizia mbolea ya naitrojeni na fosforasi kwenye fukwe zilizochafuka, na baada ya wiki chache mawe ya sehemu zilizonyunyiziwa yakaonekana meupe kando ya yale meusi ambayo hayakunyunyiziwa. Hiyo ni habari njema ya mbolea. Lakini miaka mingi baadaye bado mafuta yalikutwa yamejificha chini ya mawe ya fukwe zilezile, yakiwa hayajaoza, mahali ambapo hewa haikufika. Mimi huyaweka masimulizi hayo mawili pamoja kila ninapoeleza jambo hili, kwa sababu wakulima wetu huamini mbolea upesi kuliko wanavyoamini jembe. Lima eneo zima kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, vunja mabonge, ondoa vyuma, matambara na vipande vya plastiki, kisha uwe unageuza udongo huo kila baada ya wiki mbili au tatu.

Jembe peke yake halitoshi, kwani udongo utashikana tena. Unahitaji kitu cha kuuweka wazi, na Tanga haikosi vitu hivyo. Mashine za korona zinazosindika mkonge huacha lundo kubwa la mabaki, kwa kuwa katika kila tani moja ya majani singa inayopatikana ni kati ya kilo 30 na 50 tu, na sehemu kubwa iliyobaki ni majimaji na nyama ya jani. Usiyalete mabaki hayo yakiwa mabichi, maana ni makali kwa uchachu na yanapooza nayo huvuta naitrojeni ileile tunayoigombania. Chukua yaliyolundikwa kwa muda mrefu hadi yakageuka kahawia na kutoa harufu ya mboji. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa pia ni mazuri, na huchelewa kuoza, kwa hiyo huendelea kuacha matundu ya hewa kwa zaidi ya msimu mmoja. Kadiria sehemu moja ya mboji au makumbi kwa sehemu nne za udongo.

Sasa chakula. Nitakupa hesabu yake, Mwalimu, kwa kuwa bila hesabu watu hupunguza mno au huzidisha mno. Mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 20 ina udongo wa kilo 280 hivi. Asilimia 2 ya mafuta humo ni kilo 5.6, na kaboni yake ni karibu kilo 4.8. Uwiano unaopendekezwa wa kaboni, naitrojeni na fosforasi huanzia 100 kwa 10 kwa 1, hadi 100 kwa 1 kwa 0.5. Kwa kiwango cha juu ungehitaji gramu 480 za naitrojeni, ambazo ni zaidi ya kilo moja ya urea katika mita moja tu ya mraba. Ukiimwaga yote kwa pamoja umetia chumvi nyingi kiasi cha kuua vijidudu ulivyokusudia kuvilisha, na sehemu yake itazama kisimani. Kwa kiwango cha chini ni gramu 48 za naitrojeni, na hizo nusu ndoo ya samadi ya kuku iliyooza vizuri inaweza kuzitoa bila urea. Ushauri wangu ni kuanza na samadi hiyo, nusu ndoo kwa kila mita ya mraba, kisha kuongeza urea gramu 50, konzi moja ndogo, kila baada ya wiki sita kwa muda wote ambao udongo bado unanuka. Ichanganye na udongo papo hapo na umwagilie, kwa kuwa udongo wa chokaa una pH ya juu, na urea ikiachwa juu ya udongo wa namna hiyo hugeuka amonia ikapotea hewani. Kwa sababu hiyohiyo ya chokaa, kwa fosforasi tumia mbolea ya DAP kiasi kidogo, au tegemea ile iliyomo kwenye samadi, kwa maana fosfati ya mwamba kama ya Minjingu huyeyuka kwa shida sana pasipo na uchachu.

Maji yawe ya kiasi. Chukua udongo ukaubane kiganjani: ukishikamana bila kutoa maji kati ya vidole, hapo ndipo penyewe, ukimwagika kama vumbi ni mkavu mno, na ukitoa matone umezidisha, maana maji yaliyojaza matundu yamefukuza hewa. Hili ndilo litakalokusumbua wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ya Tanga inaweza kulowesha eneo lako kwa wiki nzima mfululizo, kazi ikasimama, na maji yenye oili yakateremka kwa jirani. Jenga tuta la udongo safi kuzunguka eneo lote, la urefu wa goti, na ikiwezekana funika kwa turubai siku za mvua kubwa, ukiifunua jua likitoka. Joto lenu halina tatizo. Ni la kufaa kabisa, na ndilo linalofanya kazi ambayo katika nchi za baridi husimama nusu mwaka iendelee huku mwaka mzima.

Hakuna haja ya kununua vijidudu vya chupa. Nimeona vikiuzwa kwa bei ya kuumiza, na sishawishiki navyo kwa kiwanja kama chako, kwa kuwa udongo uliokaa na oili miaka mingi tayari umejichagulia vijidudu vyake vinavyoweza kuila. Vilichokosa ni hewa na naitrojeni. Weka pesa hizo kwenye vipimo vya maabara.

Kwa hali hiyo, dizeli hupungua ndani ya miezi michache, na oili ya injini, yenye molekuli ndefu zaidi, huchukua kati ya miezi sita na miaka miwili, ikiacha mabaki mazito kama lami ambayo huoza polepole sana lakini hayayeyuki kirahisi kwenye maji. Utajua kazi inaendelea kwa ishara tatu: harufu itabadilika kutoka ile kali ya gereji kuwa ya udongo uliolowa, tone la maji ulilodondosha juu ya udongo mkavu litazama ndani ya sekunde tano badala ya kukaa juu likimetameta, na ukifukua utaanza kuona nyungunyungu wakirudi kutoka pembezoni.

Hapo ndipo mimea inapoingia, na inaingia kama mfanyakazi kabla ya kuwa chakula. Baada ya visima vya mafuta vya Kuwait kuchomwa mwaka 1991 na jangwa kulowa mafuta, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kuwait walieleza mwaka 1995 kwamba mimea ya porini iliyokuwa ikiota kwenye mchanga huo ilikuwa na mizizi safi, ingawa mchanga ulioizunguka ulikuwa mweusi, kwa kuwa kuizunguka mizizi hiyo palikuwa na bakteria wengi mno wenye kula mafuta. Mzizi hutoa sukari na hewa, na vijidudu hukusanyika hapo. Kwako, miezi mitatu au minne baada ya kuanza kulima, anza na nyasi zenye mizizi mingi myembamba, kama majani ya vetiva au majani marefu ya malisho yanayoota wenyewe kando ya barabara zenu, na katikati yake upande marejea au kunde. Jamii hiyo ya kunde hujipatia naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi, kwa hiyo haigombanii ile iliyomo udongoni. Ukianza kupanda, acha kulima kwa jembe. Mizizi itaendeleza kazi ya kupitisha hewa.

Usile chochote katika hatua hiyo, hata hizo kunde. Usiwape mbuzi majani yake. Kuku nao wasiingie, na hili nalisema kwa msisitizo kwa kuwa watu hulisahau: kuku hudonoa udongo mchana kutwa, na risasi ya udongo hukutwa ndani ya mayai. Kama unataka mboga mwaka huu, panda kwenye viroba au magunia yaliyojazwa udongo uliotoka mahali pengine, uyaweke upande wa kiwanja ambao haukuwa gereji, na mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Kipimo cha kuota ndicho kitakachokuambia sumu ya mafuta imekwisha. Jaza makopo matatu udongo wa eneo la gereji na matatu ya udongo wa pembezoni, panda mbegu kumi za mahindi katika kila kopo na kumi za mchicha kando yake, yamwagilie sawasawa kwa wiki tatu. Usihesabu zilizoota tu. Zing'oe, uoshe mizizi, uipime kwa rula. Mche unaweza kutoka juu ukiwa mzuri huku mzizi wake ni mfupi, mnene na wenye ncha ya kahawia, na hiyo ni dalili kwamba sumu bado ipo. Mizizi ya makopo yote ikilingana, kwa upande wa mafuta umefika. Kwa upande wa metali, rudia kipimo cha maabara. Risasi ikiwa juu ya kikomo, usitegemee alizeti kuinyonya kama inavyosemwa mara nyingi. Hunyonya, lakini kwa kiasi kidogo sana kila msimu, na mazao hayo yenyewe yanakuwa taka ya kutupwa kwa uangalifu. Katika hali hiyo ni heri kuongeza mboji kwa wingi, ambayo huishika metali isipande kwenye mmea, kufunika udongo kwa nyasi ili vumbi lisiruke, na kupanda miti ya matunda au minazi badala ya mboga za majani, kwa sababu metali huishia zaidi kwenye mizizi na majani kuliko kwenye tunda. Mchicha, kwa bahati mbaya, ni miongoni mwa mboga zinazonyonya metali kwa wepesi, hivyo uwe wa mwisho kurudi hapo.

Nirudi kwenye kisima, maana nisingependa kisubiri misimu yote hii. Chota maji asubuhi kabla hayajachotwa na wengine, uyaweke kwenye beseni jeupe. Ukiona utando wa rangi, uguse kwa kijiti: ukivunjika vipande kama kioo chembamba, huo mara nyingi ni wa bakteria wa chuma na si mafuta, ukizungukazunguka na kuungana tena, ni mafuta. Yakiwa mafuta, au maji yakinuka hata bila utando, jirani yako aache kuyanywa na kuyapikia leo, na asidanganyike kwamba kuyachemsha kutayatakasa. Hata yakionekana safi yapimwe mara moja katika maabara ya maji, kwa sababu benzini inaweza kuwamo bila kuonekana. Mwambie wewe mwenyewe, mapema, kabla hajasikia kwa wengine, kwani suala hili mtalihitaji pamoja: mkikuta maji yamechafuka, ni mwenye gereji wa zamani mtakayemfuata, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka msingi kwamba aliyechafua ndiye anayebeba gharama. Taarifa hiyo hupelekwa NEMC kwa maandishi, ikiambatana na majibu ya maabara na picha za mashimo uliyochimba.

Najua pia kwamba tangu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani lianze kujengwa, watu wengi wa Tanga wanauliza kama mafuta yale yakimwagika shambani yatafanya haya niliyoyaeleza. Mafuta hayo yana nta nyingi, na yanapaswa kupashwa moto hadi takriban nyuzi 50 za Selsiasi ili yatiririke. Yakipoa huganda, kwa hiyo hayangezama upesi kama dizeli ya gereji yako, na sehemu kubwa ingeweza kuondolewa kwa koleo kabla ya kuanza kazi ya vijidudu. Kwa mkulima wa kawaida wa mkoa huu, hata hivyo, hatari iliyo karibu zaidi ni ndoo ya oili inayomwagwa nyuma ya gereji kila jioni.

Kwa mpangilio wa mwaka wako, ningefanya hivi: chimba mashimo na upeleke sampuli wakati huu wa ukavu, lima na kuchanganya mboji mara upatapo majibu, jenga tuta kabla ya mvua za kwanza, na upande nyasi na marejea mvua za vuli zikianza, Oktoba au Novemba. Weka daftari la tarehe za kulima, kiasi cha samadi na urea, na vipimo vya mizizi, na ulihifadhi pamoja na majibu ya maabara kwenye faili la hati ya kiwanja, ili atakayekirithi au kukinunua baadaye ajue ni kona ipi ilikuwa gereji na ilifikia hali gani.